Kupenda Majaliwa: neno juu ya mchezo «Dark»

Mwaka 1882 mwanafilosofia Mdachi Friedrich Nietzsche aliandika kwamba ataka kujifunza kuyapenda mambo yasiyoepukika. Aliyaita kwa Kilatini amor fati, ndiyo kupenda majaliwa yako. Wazo hilo twaliona leo katika televisheni, na hasa katika mchezo wa Kidachi «Dark», wenye sehemu 26, ulioonyeshwa na Netflix toka 2017 mpaka 2020. Waliouanzisha ni Baran bo Odar na Jantje Friese. Katika mji wa Winden watoto wanapotea, na pango moja lawapeleka watu miaka 33 nyuma au mbele.

Kijana Jonas amefiwa na baba aliyejinyonga. Anarudi hata siku ile ya mwaka 2019 apate kumzuia. Kumbe, baba alikuwa hajafikiri jambo hilo! Ni mwana, kwa kusihi kwake, anayelitia moyoni mwake. Mara anafika bibi kizee Claudia, asema lazima iwe hivyo. Hapo tunauliza: neno «lazima» latoka kinywani mwa nani? Si mwa yule anayeingia kitanzini.

Mtazameni Noah naye. Anavaa kanzu ya padri, anajaribia chombo chake juu ya watoto wa watu, nao wanakufa. Asema yote yamepangwa. Lakini alipojua kwamba mkubwa wake Adam amemdanganya juu ya binti yake mwenyewe, hakuyapenda tena majaliwa: alishika bastola. Sauti hiyo twaijua matangani. Mtoto amekufa kwa kuhara, maji ya kisima ni machafu, na mwenye kukitunza kisima ndiye wa kwanza kusema, «Mungu amependa.»

Msimu wa tatu una fundo nyingi mno. Sisi tulilazimika kuandika ukoo wa watu wote juu ya karatasi. Hata hivyo mwisho wake wafaa taabu hiyo. Jonas na Martha wanajua kwamba wakiiokoa jamaa ya mtengeneza saa Tannhaus isife njiani, wao wenyewe watakuwa kama hawakuzaliwa kamwe. Wanakwenda. Hawamtangulizi mtu mwingine, na majaliwa wanayoyakubali ni yao wenyewe.

Kisha twaona rafiki wachache mezani, usiku wa mvua. Hannah ana mimba. Wamwuliza jina la mtoto, naye, bila kujua sababu, ataja Jonas.