Gereji ya Nyumbani Hupangwa kwa Kimo

Mwenye nyumba akichoka kuruka madumu na maboksi kila anapotoa gari, jambo la kwanza analofanya ni kumwita fundi wa kuchomelea aje apime rafu. Rafu zinafungwa, vitu vinapanda ukutani, gereji inapendeza. Lakini dumu la petroli bado liko chini ya meza inayotumika kukatia vyuma kwa grinda, na ndoo ya rangi ya lita 20 sasa iko juu ya kichwa cha atakayeishusha. Chumba kimebadilika sura, hatari zimebaki pale pale.

Kosa liko kwenye swali la kwanza. Tumezoea kuuliza kitu kikae upande gani, ilhali la kuuliza mapema zaidi ni kikae kimo gani. Mgongo wa binadamu una kimo unachokipenda, mivuke inayolipuka ina kimo inachokwenda, na mkono wa mtoto una kimo unachofikia. Ukilijibu hilo, nusu ya mpango imeshakamilika kabla hujanunua hata skrubu moja.

Hatua zenyewe hazihitaji kubuniwa upya. Mfumo wa 5S ulikomaa katika viwanda vya Japani, na Toyota ndiyo hutajwa zaidi kuwa mfano wake. Tanzania uliingia kwa nguvu kupitia hospitali: mwaka 2007 Hospitali ya Rufaa Mbeya ilianza kuutumia kwa msaada wa shirika la maendeleo la Japani, JICA, na hatua zake tano zikajulikana kama sasambua, seti, safisha, sanifisha na shikilia. Stoo ya hospitali na gereji ya nyumbani zinafanana kwa jambo moja: vitu huingia bila kuulizwa na havitoki bila kusukumwa.

Kusasambua maana yake ni kutoa vitu vyote nje, mpaka sakafu ionekane. Anayepanga huku vitu vikiwa ndani huishia kuvihamisha kona. Uani, vitu vigawanywe mafungu manne: vinavyotumika kila wiki, vinavyotumika mara moja moja kwa mwaka, vibovu, na visivyostahili kabisa kukaa gerejini. Fungu la tatu ndilo hujaa kuliko inavyodhaniwa: rangi iliyoganda, betri iliyokufa, mipira ya maji iliyopasuka. Betri chakavu ina risasi na asidi ya salfa. Iende kwa wanunuzi wa betri ikiwa nzima, bila kumwagwa maji yake uani.

Fungu la nne ndilo linalookoa maisha. Mtungi wa gesi ya kupikia haukai gerejini. Jenereta inaweza kuhifadhiwa humo ikiwa imezimwa na imepoa, lakini haiwashwi humo hata mlango ukiwa wazi. Mamlaka za afya za Marekani hushauri iwekwe angalau mita 6 kutoka kwenye nyumba, mbali na milango na madirisha. Petroli ya akiba, ikiwa ni lazima iwepo, ikae kidogo tu, kwenye dumu lililotengenezwa kwa ajili yake, ndani ya kisanduku chenye matundu ya hewa, nje, kivulini.

Sababu ya ukali huu inaonekana ukifuata mivuke inakokwenda. Petroli hutoa mvuke unaoweza kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse kwenye joto la Dar es Salaam. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne, kwa hiyo hushuka na kutambaa sakafuni kama maji yaliyomwagika, ukitafuta pa kuishia. Ukifika takriban asilimia 1.4 ya hewa, cheche moja inatosha. Gesi ya mtungi nayo hushuka: propani ni nzito kuliko hewa mara moja na nusu, butani mara mbili. Ndiyo maana kanuni za ujenzi za Marekani zinataka hita ya maji na vifaa vya namna hiyo, vinapofungwa gerejini, viinuliwe hadi chanzo cha moto kiwe angalau sentimita 46 juu ya sakafu.

Betri ya gari au ya sola inapochajiwa hufanya kinyume. Hutoa haidrojeni, gesi nyepesi kuliko zote, inayokimbilia darini na kuweza kuwaka ikifika asilimia 4 ya hewa. Gereji yenye matundu ya chini peke yake huishika haidrojeni juu, na yenye matundu ya juu peke yake huushika mvuke wa petroli chini. Zinahitajika safu mbili za matofali ya matundu: moja karibu na sakafu, nyingine chini kidogo ya dari, ikiwezekana kwenye kuta zinazotazamana ili upepo upite.

Imebaki gesi isiyo na kimo. Kaboni monoksaidi, inayotoka kwenye ekzosi ya gari na jenereta, ina uzito unaokaribiana na wa hewa, kwa hiyo hujaa chumba kizima. Haina rangi wala harufu, na hung'ang'ania damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Hii haipangwi, inakatazwa: gari likiwashwa, litoke. Kuingiza gari kwa pua kuna faida ndogo hapa, maana ekzosi hubaki ikitazama mlango mkubwa badala ya mlango unaoingia nyumbani.

Sasa kuseti. Taasisi ya Uingereza inayosimamia usalama kazini, HSE, ina mwongozo wa uzito wa kubebwa kwa mikono, na mwongozo huo unafuata kimo. Kwa mwanamume, mzigo ulio karibu na mwili kwenye usawa wa kiwiko unaweza kufika kilo 25, begani kilo 20, kichwani kilo 10, na chini karibu na miguu kilo 10 vilevile. Kwa mwanamke ni kilo 16, 13, 7 na 7. Mikono ikinyooshwa mbali na mwili, viwango hivyo vinashuka sana, baadhi kwa nusu au zaidi.

Hapo rafu inajipanga yenyewe. Sanduku la spana, drili na makopo ya rangi ya lita 4, yenye kilo 5 na ushee kila moja, yakae kati ya goti na bega. Juu ya bega vipande vyepesi: maturubai, kamba, tairi za baiskeli. Vizito visivyoinuliwa, kama jeki ya magurudumu, vibaki chini kwa sababu vinavutwa. Ndoo ya rangi ya lita 20, ambayo hupita kilo 25, isipandishwe popote: iwekwe kwenye kibao kilichoinuliwa sentimita 15 hivi, isiguswe na maji ya masika. Maboksi ya karatasi yaondoke, kwani mchwa na panya huyapenda. Ndoo za plastiki zenye mifuniko zinatosha.

Kemikali zinaleta mgongano. Asidi, dawa ya wadudu na maji ya rejeta hayafai kukaa juu ya usawa wa macho, kwa kuwa yakimwagika yanaangukia uso, lakini pia hayafai kukaa chini, kwa kuwa mtoto atayafikia. Maji ya rejeta yenye ethilini glikoli yana ladha tamu, na ni sumu. Kimo kikishindwa, kufuli lichukue kazi: kabati la chuma lenye kufuli, kiunoni. Kila kitu kibaki kwenye chombo chake cha asili, kamwe si kwenye chupa ya soda. Na klorini ya unga inayosafishia matangi isikae kabati moja na mafuta ya breki, maana vikichanganyika huweza kuwaka vyenyewe. Vitambaa vilivyofuta mafuta ya kitani, yale ya kupakia mbao, navyo vikirundikwa hupata joto hadi kushika moto. Vianikwe nje vikauke, au vitiwe kwenye kopo la chuma lenye maji na mfuniko.

Baada ya kimo ndipo uje upana. Magari mengi yanayoingia Afrika Mashariki ni yaliyotumika Japani, na daraja la magari madogo la huko lina mpaka wa upana wa mita 1.7 na urefu wa mita 4.7. Chukua gereji ya mita 3 kwa 6. Upana unaosalia ni mita 1.3. Dereva wa usukani wa kulia aachiwe sentimita 75 za kufungulia mlango, upande wa kushoto ubaki na 55. Rafu ya kina cha sentimita 30 inaacha 25 kwa ajili ya kioo cha pembeni, na abiria washukie nje. Mbele ya pua ya gari inasalia mita 1.3: meza ya kazi ya sentimita 60, na sentimita 70 za kusimama. Kipande cha mbao kilichofungwa sakafuni kwenye kituo cha magurudumu kitailinda meza. Gari likiwa kubwa zaidi, meza iwe ya kukunjwa ukutani.

Soketi zikae juu ya meza, mbali na sakafu inakotambaa mivuke, na zilindwe na swichi inayokata umeme unapovuja kufikia miliampia 30. Waya wa ekstensheni wa kuviringisha ukunjuliwe wote kabla ya kuendesha grinda, la sivyo hupata joto ndani ya viringo. Kizima moto cha unga mkavu kiwe mlangoni, ili anayekifuata awe anaelekea kwenye usalama. Kikiwa ndani kabisa, humwita mtu motoni. Moto wa petroli haumwagiwi maji, kwa sababu petroli huelea juu yake na kusambaa. Namba ya Zimamoto Tanzania, 114, iandikwe pembeni yake.

Kusafisha kunafanya kazi ya ukaguzi: sakafu isiyo na mafuta ya zamani huonyesha tone jipya, na tone jipya ni taarifa kwamba gari linavuja. Ukanda wa pwani una unyevu na chumvi, basi spana zifutwe kwa kitambaa chenye mafuta kidogo kabla ya kurudi ukutani. Kusanifisha ni kuchora umbo la kila kifaa kwenye ubao wake, ili pengo lionekane bila kuhesabu, na kuandika kwenye kila rafu uzito wa juu inaoruhusiwa kubeba.

Kushikilia ndiko kunakoshinda nyumba nyingi, na sababu yake ni kwamba gereji haina mwenyewe. Baba anaweka vipuri, watoto baiskeli, shangazi anayehama anaacha kabati lake kwa wiki moja linalokaa mwaka. Mtu mmoja apewe mamlaka ya kusema hapana mlangoni, na kila kinachoingia kitajiwe kimo chake kabla hakijavuka kizingiti. Kisicho na kimo hakina nafasi.