Seva Bora kwa Nani? Uhakiki wa Makala ya Chen, Sitaraman na Torres kuhusu Uelekezaji wa Maombi ya Maudhui

Makala ya Fangfei Chen, Ramesh Sitaraman na Marcelo Torres, yaliyotolewa katika mkutano wa SIGCOMM mwaka 2015, yanajadili uamuzi ambao mtumiaji wa intaneti hauoni: anapoomba picha au video, ni seva ipi kati ya maelfu itakayomjibu? Kwa muda mrefu kampuni ya Akamai, ambayo waandishi wana uhusiano nayo, iliamua kwa kukisia. Ilitazama mahali ilipo seva ya majina iliyouliza anwani kwa niaba ya mtumiaji, ikachukulia kuwa mtumiaji naye yu karibu na hapo. Dhana hiyo ilidhoofika watu walipohamia kwenye seva za majina za umma, kama ile ya Google iliyoanza mwaka 2009. Mkazi wa Arusha akiuliza kupitia seva iliyoko nchi nyingine, huenda akahudumiwa kana kwamba anaishi huko.

Tiba inayopendekezwa ni seva ya majina kupeleka pia sehemu ya anwani ya mtumiaji mwenyewe. Kwa wanaotumia seva za umma, umbali kati yao na seva za maudhui ulishuka hadi moja ya nane ya ule wa awali, na muda wa kupakua ukapungua kwa nusu. Matokeo haya yana uzito, kwa kuwa yalipimwa kwa watumiaji halisi. Waandishi hawafichi pia kwamba maulizo kwa seva za majina yaliongezeka mara nane.

Hata hivyo, gharama hiyo ni ya mashine. Gharama ya faragha haimo katika hesabu. Waraka wa RFC 7871 wa mwaka 2016, unaoeleza utaratibu huohuo, unashauri uwe umezimwa hadi pale utakapohitajika. Kwa kawaida hupelekwa biti 24 za mwanzo za anwani, yaani kundi la anwani 256, na kundi la namna hiyo laweza kuwa ofisi moja tu au chuo kimoja. Cloudflare, ilipofungua seva yake ya umma mwaka 2018, ilichagua kutopeleka taarifa hiyo.

Kwa Afrika Mashariki, udhaifu mkubwa zaidi uko kwingine. Umbali wa ramani si umbali wa waya. Kabla ya kituo cha kubadilishana trafiki cha KIXP, barua pepe kati ya watoa huduma wawili wa Nairobi ilisafiri hadi ng'ambo kwa setilaiti ndipo irudi mjini. Kituo hicho kilifunguliwa Novemba 2000, kikafungwa na mdhibiti baada ya majuma mawili hivi kufuatia malalamiko ya Telkom Kenya, kikarejea Februari 2002. Hakuna kanuni ya kuchagua seva ambayo ingeweza kufidia amri ile.

Makala yenyewe yanaonyesha kwamba mtandao wenye seva katika maeneo mengi ndio unaonufaika zaidi na mbinu hii. Hapo ndipo mshauri wa sera angepaswa kuanzia kusoma. Uelekezaji huchagua miongoni mwa seva zilizopo. Ikiwa iliyo karibu zaidi na Kigoma iko Ulaya, kujua kwamba mtumiaji yuko Kigoma hakumsogezei chochote.