Kifaa Kwanza, Kiendeshi Baadaye: Jinsi Linux Inavyosajili Maunzi

Kompyuta inapowashwa, kiini cha mfumo endeshi, yaani programu ya ndani kabisa inayosimamia kumbukumbu, kichakataji na maunzi yote, hukuta kadi ya mtandao imekwisha chomekwa mahali pake, ilhali kiendeshi chake, yaani programu inayojua kuiamuru kadi hiyo, huenda bado ni faili tu katika diski. Katika matoleo ya awali ya Linux, viendeshi vingi vilijitafutia vifaa vyenyewe. Lakini kuanzia toleo la 2.6, lililotoka Desemba 2003, kiini kilipata muundo mmoja unaotenganisha mambo mawili yaliyokuwa yamechanganywa, nayo ni kujua kwamba kifaa kipo na kuweza kukitumia.

Katika muundo huo, kila njia ya kuunganisha vifaa, iwe PCI au USB, hutunza orodha mbili, moja ya vifaa na nyingine ya viendeshi. Kifaa kinaposajiliwa kwa shughuli ya device_add, kiini hupitia viendeshi vilivyomo na kuangalia kama kuna kinachokifaa. Na kiendeshi kinaposajiliwa kwa driver_register, msako huo huo hufanywa upande wa pili, miongoni mwa vifaa visivyo na kiendeshi. Kwa kuwa ulinganishaji hufanyika pande zote mbili, anayetangulia na anayechelewa hukutana vilevile.

Kwenye PCI, usajili hauhitaji kiendeshi hata kidogo, kwa sababu kila kifaa hubeba utambulisho wake. Kiini husoma namba ya mtengenezaji katika kila nafasi, na kikipata 0xFFFF huelewa kwamba hapo hapana kitu. Kikipata namba halali, husoma pia namba ya kifaa, aina yake na ukubwa wa maeneo ya kumbukumbu kinayoyahitaji, kisha hukiandikisha. Hapo hutolewa taarifa yenye maandishi yanayoanza, kwa mfano, na pci:v00008086d000010D3, ambamo 8086 ni namba ya Intel na 10D3 ni ya kadi mojawapo ya mtandao. Programu ya udev, inayofanya kazi nje ya kiini, huipokea taarifa hiyo na kutafuta katika faili la modules.alias, lililokusanywa kutokana na majedwali ya viendeshi vyenyewe, hadi ioneshwe moduli ya e1000e, yaani faili la kiendeshi cha kadi hiyo. Moduli ikishapakiwa hujisajili, hukuta kadi inaisubiri, na ndipo kiini huita shughuli yake ya probe, inayokagua kifaa na kukianzisha.

Vifaa vilivyojengwa ndani ya chipu, kama ilivyo kwenye mbao nyingi za ARM, havina utambulisho wa kusomwa kwa namna hiyo, na kwa hiyo kiini hukabidhiwa maelezo yaliyoandikwa kabla, yanayoitwa mti wa vifaa, ambamo mlango wa mawasiliano hutajwa kwa jina kama "arm,pl011" pamoja na anwani yake ya kumbukumbu. Vifaa hivyo husajiliwa katika hatua za mapema za uanzishaji, huku viendeshi vingi vilivyojengwa ndani ya kiini vikisubiri hatua ya baadaye.

Hata hivyo, utaratibu huu haukumaliza tatizo la mfuatano, maana kiendeshi cha skrini kinaweza kufika kabla ya kiendeshi cha kidhibiti umeme ambacho skrini hiyo inakitegemea. Tangu toleo la 3.4 la mwaka 2012, probe inaweza kurudisha kosa namba 517, EPROBE_DEFER, linalomaanisha kwamba kifaa kiwekwe kando, na kiini hukijaribu tena kila mara kifaa kingine kinapofanikiwa kupata kiendeshi chake. Njia hiyo hufanya kazi, ila ni ya kubahatisha, kwani jaribio hurudiwa bila kujua kama kilichokosekana kimekwisha patikana. Kwa sababu hiyo, matoleo ya karibuni husoma utegemezi huo moja kwa moja katika mti wa vifaa na kukizuia kifaa tegemezi mpaka kile kinachokitegemeza kiwe tayari. Marekebisho hayo yasingewezekana kama vifaa vingejulikana kupitia viendeshi vyake tu, kwa kuwa uhusiano baina ya vifaa viwili hauwezi kuandikwa kabla vyenyewe havijaandikwa.