Geti Liko Upande wa Pili

Anayekuja Kabiria, mtaa wetu hapa Nairobi, mara ya kwanza haulizi jina la barabara. Anauliza ashukie steji gani, apite duka lipi la dawa, aingie kichochoro kipi. Anwani zetu ni sanduku la posta, na sanduku la posta halina mlango wa kubisha. Ndiyo maana namheshimu sana fundi anayeweka ramani ya kubofya kwenye tovuti ya shule, zahanati au kanisa la mtaa huu, akaiweka vizuri hata mgeni akafika bila kupiga simu ya kuulizia.

Kwa nje kazi hii haina makuu. Unasakinisha plagini kwenye WordPress, unaandika nambari mbili, ramani inatokea. Lakini hebu zitazame nambari zenyewe. Kabiria iko kusini mwa ikweta, kwa hivyo latitudo yake hutanguliwa na alama ya kutoa: karibu -1.29. Longitudo ni karibu 36.73. Isahau hiyo alama na shule yako imehamia Samburu, kaskazini mwa Maralal. Ukizibadilisha nafasi, longitudo ikatangulia, shule imezama katika Bahari ya Mediterania, kati ya Uhispania na Algeria. Na kuzibadilisha ni rahisi mno, kwa sababu Leaflet, programu inayoendesha plagini nyingi za aina hii, hutaka latitudo kwanza, ilhali faili za GeoJSON, zinazohifadhi data ya ramani, huanza na longitudo. Fundi anayeijua kazi hukagua hilo kabla hajagusa rangi ya pini.

Ramani pia ina uzito. Haishuki nzima, hukatwa vipande vya mraba, kwa kawaida pikseli 256 kila upande, na simu huvuta vile tu vinavyohitajika kwenye skrini. Ukiwa mbali kabisa, dunia yote ni kipande kimoja. Kila hatua unayokaribia, kila kipande huzaa vinne. Leaflet yenyewe, ambayo Volodymyr Agafonkin wa Kyiv aliitoa mwaka 2011, imependwa kwa wepesi wake: takriban kilobaiti 40. Wepesi huo ni heshima kwa mzazi anayefungua tovuti ya shule kwa bando la siku, matatu ikiwa imekwama Naivasha Road. Kwa ajili yake fundi huiacha ramani isianze kupakuliwa mpaka msomaji aifikie, na huipanga ili anayeteremsha ukurasa kwa kidole gumba asinaswe humo, ramani ikisogea huku ukurasa umesimama.

Hayo yote hufanyika ukiwa umeketi. Kazi iliyobaki inataka viatu.

Chukua chekechea ambayo ukuta wake umepakana na barabara ya lami, lakini geti liko nyuma, kichochoroni. Wengi hutazama picha ya setilaiti na kutupa pini katikati ya paa. Programu ya kuelekeza njia nayo hutafuta barabara iliyo karibu zaidi na pini, ikamleta mgeni mpaka ukutani na kumwambia amefika. Anawasikia watoto wakiimba ng'ambo ya mawe na hana pa kuingilia. Fundi ninayemsifu hapa hutoka akaenda. Husimama mbele ya geti lenyewe, hungoja simu itulie, maana kati ya ghorofa zilizobanana nukta ya buluu hurukaruka, kisha huchukua nambari pale pale. Pini hukaa getini. Na kwenye kile kisanduku kinachofunguka ukiibofya, haandiki tu jina la shule ambalo mgeni tayari analijua; anaandika kwamba geti ni la kijani, liko nyuma, na kwamba mvua ikinyesha gari liachwe kwenye lami.

Nairobi imewahi kuwa na watembeaji wa namna hii. Mwaka 2009, Kibera ikiwa karibu tupu kwenye ramani za mtandaoni, vijana wake walizunguka na vifaa vya GPS katika mradi wa Map Kibera, ulioanzishwa na Erica Hagen na Mikel Maron. Walirekodi vyoo, vituo vya maji, zahanati na vijia, wakaviingiza kwenye OpenStreetMap, ramani huria iliyoanza Uingereza mwaka 2004. Baadaye wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wakishirikiana na watafiti wa MIT na Columbia, walipanda matatu wakinasa njia na steji kwa simu, zikiwemo steji ambazo hazina kibao chochote; ramani ya Digital Matatus ikatolewa mwaka 2014. Kwa hivyo ule mstari mdogo kwenye kona ya ramani, unaowataja wachangiaji wa OpenStreetMap, usifichwe ati unaharibu sura ya ukurasa. Leseni inaudai, nasi tunawiwa na miguu ile.

Kuna pini pia ambazo fundi mwema hakubali kuziweka. Mama anayepika chapati nyumbani kwake na kuziuza kwa oda hatakiwi kuanikwa mpaka mlangoni kwake, hata kama ukurasa wa biashara ungependeza zaidi. Pini ikae steji, wateja wakutane naye hapo, labda yeye mwenyewe aseme vingine.

Na ramani hailali. Steji husogezwa, duka la dawa lililokuwa alama hugeuka kinyozi, kichochoro hufungwa kwa ujenzi. Fundi hurudi kuangalia, hurekebisha kwenye OpenStreetMap ili wengine nao wafaidi, kisha husahihisha maelekezo aliyoyaandika kwa maneno chini ya ramani, kwa ajili ya asiyeona na aliyeishiwa na bando.