Mshono wa Nyuma ya Goti

Ateri inayopita nyuma ya goti haina nafasi ya kukwepa. Juu imeshikwa inapotokeza kwenye upenyo wa msuli wa paja, chini imeshikwa tena inapozama chini ya misuli ya shavu la mguu, na katikati imelala jirani kabisa na mfupa. Goti likiteguka vibaya, kama la kijana wa bodaboda aliyegongwa ubavuni, ateri huvutwa kutoka pande zote mbili. Mara nyingi haikatiki. Kwa nje huonekana imevilia damu kidogo tu, kumbe utando wake wa ndani umechanika, na damu inayofika hapo inaganda. Unyayo unapauka na kupoa. Vidole vinakufa ganzi. Misuli huvumilia kukosa damu kwa takriban saa sita, na kadhaa kati ya hizo huishia barabarani kabla majeruhi hajafika mezani.

Mtu angetarajia basi kuona mikono inayokimbia. Haikimbii. Miguu yote miwili, ulioumia na ulio mzima, huoshwa kuanzia kinenani hadi vidoleni. Unyayo wa mguu ulioumia hutiwa katika mfuko unaoonyesha, ili rangi yake itazamwe wakati wote wa kazi. Mguu mzima nao una kazi yake, tutaiona.

Kisu hupita upande wa ndani wa mguu: mkato mmoja juu ya goti, mwingine chini yake, upana wa kidole nyuma ya ukingo wa muundi. Humo ateri, vena na mshipa wa fahamu vimelala pamoja, na damu iliyovilia imevipaka vyote rangi moja. Daktari havivamii. Anatafuta kwanza ateri iliyo salama juu ya jeraha, anaizungushia utepe mwembamba wa mpira, kisha anashuka kutafuta iliyo salama chini yake na kufanya vivyo hivyo. Mpaka pande zote mbili ziwe mkononi mwake, jeraha lenyewe haliguswi.

Kama mfupa umevunjika, mrija mdogo wa plastiki huingizwa katika ncha mbili za ateri ili damu ipite kwa muda, na madaktari wa mifupa wanafunga vyuma vyao. Kuvuta na kunyoosha mfupa baada ya kushona ni kuutafutia mshono balaa.

Ndipo sehemu iliyoharibika inakatwa, na hapa ndipo mimi humtambua fundi. Anakata kidogo, anachungulia ndani kwa miwani ya kukuzia, anakata tena. Anatafuta mahali ambapo utando wa ndani ni mweupe, unang'aa, na umeshikamana na ukuta wake pande zote. Mgeni wa kazi huogopa kukata kwa sababu kila kipande kinachotoka kinarefusha pengo. Mzoefu anajua kwamba pengo litazibwa, ilhali ateri iliyochanika ndani ikishonwa hivyo hivyo itaziba tena, pengine usiku huo huo.

Damu iliyoganda huko chini hutolewa kwa mrija mwembamba wenye puto nchani. Mrija hupitishwa hadi karibu na kifundo cha mguu, puto linajazwa, kisha unavutwa taratibu ukikokota mabonge. Aliyekibuni kifaa hiki, Thomas Fogarty wa Marekani, alikuwa kijana mpenda uvuvi aliyezoea kufunga chambo bandia kwa mkono. Kwa mafundo hayo hayo alifunga kipande cha kidole cha glavu kwenye mrija, na mwaka 1963 kifaa chake kilitangazwa kwa madaktari. Kidole gumba kwenye bomba la sindano ndicho chenye ustadi wote: puto likijazwa kupita kiasi litakwangua utando uleule ambao fundi ametoka kuuhangaikia. Baada ya hapo ateri husuuzwa kwa maji yenye heparini, dawa inayozuia damu kuganda.

Sasa zamu ya mguu mzima. Kutoka humo huchukuliwa kipande cha vena ndefu inayopanda chini ya ngozi, kwa kuwa mguu ulioumia unaihitaji ya kwake ili kurudisha damu juu. Kila kitawi kinafungwa kwa uzi wa hariri, si mbali mno na vena wala karibu mno. Vena inajazwa maji polepole ili ionekane inakovuja, na mstari wa wino unachorwa juu yake ili isije ikajisokota inapopitishwa nyuma ya goti. Kisha inageuzwa, chini kuwa juu. Ndani ya vena mna vilango vinavyoruhusu damu kupita upande mmoja tu, na asiyegeuza atakuwa ameshona mfereji uliofungwa.

Namna ya kuunganisha mishipa miwili ina babu yake. Alexis Carrel, daktari wa Lyon, Ufaransa, alijifunza kushika sindano nyembamba kwa mwanamke mtarizi wa mji huo. Mwaka 1902 alichapisha mbinu yake: nyuzi tatu za kuvutia zinaugeuza mdomo wa duara kuwa pembetatu, na upande ulionyooka hushoneka. Mwaka 1912 alipata Tuzo ya Nobel. Hata hivyo, katika Vita Kuu ya Pili, madaktari wa jeshi la Marekani waliendelea kuifunga ateri iliyojeruhiwa badala ya kuishona. Katika majeraha 2,471 yaliyoripotiwa na Michael DeBakey na Fiorindo Simeone mwaka 1946, yaliyoshonwa yalikuwa 81 tu. Ateri ya nyuma ya goti ilipojeruhiwa, zaidi ya watu 7 kati ya 10 walipoteza mguu. Siwalaumu sana. Majeruhi walikuwa wakifika wamechelewa, na mkono wa Carrel hautumwi kwa barua. Katika Vita vya Korea, helikopta zilipofupisha safari na madaktari vijana wakafundishwa kushona, waliokatwa miguu au mikono kwa majeraha ya ateri walishuka hadi karibu asilimia 13.

Uzi wenyewe ni wa buluu, mwembamba kama unywele, wenye sindano iliyopinda kwenye kila ncha. Midomo ya vena na ateri hukatwa mshazari ili kiungo kisisinyae. Kwenye ateri sindano huingia kwa ndani na kutokea nje, kwa sababu ikitoka nje kwenda ndani itaubandua utando. Mshona kofia wa Pwani angeuelewa mkono huu: kifundo cha mkono kinazunguka kwa kufuata mpindo wa sindano, tundu linabaki dogo, na kila mshono uko mbali na wenzake kwa takriban milimita moja. Msaidizi anashika uzi usilegee wala usikaze. Kazi yake haisifiwi na mtu, lakini uzi ukikazwa mno kiungo hujikunja kama mdomo wa mfuko, na ukilegea kinavuja.

Kabla ya fundo la mwisho, kibanio cha chini kinafunguliwa kidogo, damu irudi. Kisha cha juu, itoke kwa nguvu na kuondoa hewa na vibonge. Daktari wa usingizi ameshaambiwa, maana damu inayotoka katika misuli iliyokosa hewa hubeba potasiamu inayoweza kuuvuruga moyo. Fundo linafungwa. Matundu ya sindano yanavuja kidogo. Yanafunikwa kwa shashi yenye maji ya uvuguvugu, na watu wanasubiri.

Misuli iliyorudishiwa damu huvimba ndani ya utando mgumu unaoigawa katika vyumba vinne, na uvimbe huo unaweza kuinyima damu upya. Kwa hiyo mguu hupasuliwa kwa mikato miwili mirefu, vyumba vyote vinne vikafunguka, na majeraha yanaachwa wazi kwa siku kadhaa. Msuli ulio hai hujikunja ukibanwa na hutoka damu ukikatwa. Wodini, muuguzi huchora alama ya kalamu mahali alipoyapata mapigo juu ya unyayo, ili wa zamu ya usiku asitafute upya.

Baada ya haya yote mguu unaweza kuwa na joto na rangi nzuri, na bado wayo ukaning'inia kwa kuwa mshipa wa fahamu ulivutika pamoja na ateri. Huo hakuna aliyeweza kuushona kwa uhakika huu. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002, uliofuatilia kwa miaka miwili majeruhi 569 wa ajali mbaya za miguu, ulikuta waliookolewa mguu na waliokatwa wakiwa na hali zinazokaribiana, na karibu nusu tu ya kila kundi wamerudi kazini. Hivyo kliniki haimwulizi mgonjwa mapigo peke yake. Humpima kiungo kwa mashine ya mawimbi ya sauti ili kuona kama vena, ambayo sasa imeanza kunenepesha ukuta wake, imesinyaa popote. Kisha humfunga bamba la kuinua wayo na kumwambia atembee hadi mwisho wa ukumbi na kurudi, wakimtazama.