Mataruma ya Changamwe

Reli inayovuka Makupa na kupanda Changamwe kuelekea Mazeras husemwa ilijengwa na "Wahindi", na jina hilo linawafunika Wapathani, watu wa milima ya mpakani mwa Afghanistan, waliokuwamo miongoni mwa vibarua wapatao 32,000 walioletwa kutoka Bara Hindi kuanzia 1896. Mtu atapinga: hao walikuwa chini ya Mwingereza, Afghanistan inaingiaje? Inaingia kwa sababu mpaka wenyewe ulichorwa 1893 tu, ukapasua kabila moja katikati. Lugha na desturi zao hazikupasuka.

Mwingine atasema walilipwa. Naam, walilipwa. Lakini ujira hauelezi kubeba mataruma ya chuma yaliyochemka juani, wala kuingia nyika ya Taru isiyo na maji, yakingojwa kwa treni kutoka nyuma. Kati ya vibarua wote walikufa karibu 2,500, wengi kwa maradhi. Sisi tumebaki kusimulia simba wa Tsavo waliowala baadhi yao! Hadi reli mpya ya Miritini ilipofunguliwa 2017, shehena yoyote iliyotoka Kilindini kwenda bara kwa treni ilifuata njia waliyoifungua.