Kizito Zaidi ya Metallica: Jibu kwa Rafiki wa Koboko

Nina rafiki wa Koboko ambaye hasikilizi kitu ila metali, ile roki nzito ya magita yanayonguruma. Anayo Metallica, anayo Slayer, anayo Slipknot na makundi mengine matatu au manne yanayofanana nayo. Kila akija Arua kununua spea za simu, swali lake ni lile lile: "Ndugu, una kitu kizito zaidi?" Kwa "kizito" ana maana ya gita linalokwaruza zaidi, ngoma za kasi zaidi na mwimbaji anayekoroma zaidi. Swali ni zuri. Kipimo ndicho ninachogombana nacho, kwa sababu kimemfanya aamini mambo mawili: kwamba muziki mzito hutoka Ulaya na Marekani tu, na kwamba yeye akiupenda lazima aupe kisogo muziki wa hapa. Mjomba wake anaamini hivyo hivyo kutoka upande wa pili. Anauita muziki wa mashetani na anataka kijana auache. Kwa hiyo mapendekezo yangu hayahusu burudani peke yake.

Uzito wa metali ulianzia wapi? Tony Iommi wa Black Sabbath alikuwa kijana wa kiwandani mjini Birmingham. Mashine ya kukata bati ilimkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, na kwa kuwa hupiga gita kwa mkono wa kushoto, hivyo ndivyo vidole vya kubania nyuzi. Alijitengenezea vikofia vya plastiki, akatumia nyuzi nyepesi, na baadaye akazilegeza ili zisimuumize. Nyuzi zikilegea, sauti hushuka. Ile sauti ya chini, nene, ambayo rafiki yangu huiona kama alama ya nguvu, ilitokana kwa sehemu na jeraha la kazini. Ninalisema hili mapema kwa sababu wahakiki wa fasihi tumezoeshwa kutenganisha fani na maudhui, na metali huharibu mpaka huo: jinsi sauti ilivyopatikana ndilo jambo inalolisema.

Kwa msingi huo, pendekezo langu la kwanza ni Duma. Hili ni kundi la Wakenya wawili, Martin Khanja na Sam Karugu, waliotoka katika makundi ya metali ya Nairobi. Albamu yao, inayoitwa Duma vilevile, waliirekodi Kampala, na ilitolewa mwaka 2020 na Nyege Nyege Tapes, lebo ya huko huko Kampala. (Msomaji wa Kiswahili atatabasamu au atakunja uso kwa jina hilo. Waanzilishi hueleza kwamba kwa Kiganda ni hamu ya ghafla ya kucheza ngoma. Mwaka 2018 waziri wa maadili wa wakati huo, Simon Lokodo, alitaka kulizuia tamasha lao la Jinja, kisha likaruhusiwa. Mjomba hayuko peke yake.)

Jina la kundi linatupa kazi sisi wa Kiswahili. Tukisikia "duma" tunamwona mnyama mwenye mbio. Wao wamelitoa katika Kikikuyu, ambako ni giza. Ukisikiliza utaona kwamba maana zote mbili zinafaa, ingawa nadhani ya kwetu inaeleza nusu ya kwanza ya kila wimbo na ya kwao inaeleza nusu ya pili. Nyimbo huanza kwa mbio. Ngoma za mashine humiminwa kama mvua ya mawe juu ya mabati, kwa kasi ambayo miguu ya binadamu isingeihimili kwa muda mrefu. Kisha kitu hufunga. Gita halisikiki tena kama gita, linakuwa ukungu wa umeme, na sauti ya Khanja inabaki humo ndani kama mtu aliyefungiwa ghala. Katika "Lionsblood" mpigo unafanana zaidi na ngoma ya kijijini iliyochezwa kwa kasi maradufu kuliko na roki yoyote. Hapo ndipo ninapotaka rafiki yangu asimame. Katika metali aliyoizoea, ngoma humfuata mpiga gita. Hapa gita ndilo linalofuata ngoma, na uzito wote umehamia chini.

Nilimpa. Alisikiliza nyimbo tatu akaniambia, "Hii si metali, ni disko la mashine mbovu." Jibu lake lina ukweli wake. Albamu ina kasoro: maneno hayashikiki, hata kwa mtu aliyezoea kukoroma, na kuna mahali ambapo kelele imepangwa juu ya kelele hadi sikio linachoka bila kuchokozwa. Wimbo "Pembe 666" ungeweza kuwa mfupi. Lakini hoja ya "si metali" siikubali. Ikiwa metali ni magita mawili, besi, ngoma na nywele ndefu, basi ni vazi tu. Mitumba ya Arua imejaa fulana za Metallica zinazovaliwa na watu wasiojua kwamba hilo ni jina la kundi la muziki. Vazi tunalo tayari.

Anayetaka hatua ndogo zaidi aanze na Vale of Amonition wa Kampala. Hao wana magita, na wanafuata njia ya Black Sabbath: mwendo wa pole, huzuni nyingi. Rafiki yangu aliwapenda mara moja, na ndiyo sababu siwaelezi sana. Walimpa alichokijua tayari. LohArano wa Antananarivo wamefika mbali kidogo. Ni vijana watatu wa Madagaska wanaochanganya metali na midundo ya kwao kama tsapiky, na mchanganyiko wao hauna aibu.

Baada ya Duma, Nihiloxica. Hapa hakuna gita hata moja. Ni wapigaji ngoma wa Kiganda waliokutana Kampala na Waingereza wawili, mmoja akiwa na kinanda cha umeme na mwingine na seti ya ngoma za kizungu. Albamu yao Kaloli, ya mwaka 2020, imepewa jina la yule korongo mkubwa wa majalala ya Kampala, na jina limewafaa: muziki una mwendo wa ndege mzito anayetembea akichagua pa kukanyaga. Engalabi, ile ngoma ndefu, inalia kwa ukali, na chini yake kinanda kinatoa mngurumo ambao Iommi angeutambua. Ukimnyima rafiki yangu habari kwamba hakuna gita, hataliulizia. Nimelijaribu hilo. Alitikisa kichwa dakika nzima kabla ya kuuliza, "Gita liko wapi?"

Kasi nayo ina jibu lake Dar es Salaam. Singeli hupita mapigo 200 kwa dakika bila kutokwa jasho, na mkusanyiko Sounds of Sisso wa mwaka 2017 unatosha kumnyamazisha yeyote anayedhani Slayer ndio wenye haraka kuliko wote. Faida nyingine ni lugha. Koboko Kiswahili kinasikika sokoni na barabarani, kimeingia kwa njia ya wanajeshi wa zamani na wafanyabiashara wa Kongo. Rafiki yangu hupiga kelele pamoja na nyimbo za Kiingereza ambazo haelewi nusu yake. Kwenye singeli angejikuta anaelewa matusi, utani na kilio cha kodi ya nyumba. Sijui kama angefurahi. Sehemu ya raha yake, nashuku, ni kutoelewa.

Jambo la mwisho ndilo litakalomkera zaidi. Kusini mwa Arua, kwa Waalur, kuna agwara, ngoma inayochezwa kwa kundi la baragumu ndefu zinazopulizwa ubavuni. Kila mpulizaji ana sauti yake moja au mbili tu, na anaingia pale mwenzake anapoacha nafasi. Wimbo haumo katika baragumu yoyote, unatokea katikati yao. Zile kubwa zikiingia, huzisikii kwa sikio pekee. Zinagusa kifua, kama spika kubwa ya harusini ukisimama karibu nayo. Rafiki yangu ni Mkakwa na ataniambia hii si ya kwao. Sawa, lakini na Birmingham pia si kwao. Sepultura wa Brazili walipotaka kuongeza uzito kwa albamu ya Roots ya mwaka 1996, hawakununua amplifaya kubwa zaidi. Walikwenda Mato Grosso kurekodi na Waxavante.

Kwa hiyo nimempangia memori kadi hivi: Vale of Amonition mwanzoni ili asiitupe, kisha Nihiloxica, kisha Duma nzima, singeli mbili, na mwisho agwara niliyoirekodi mwenyewe kwa simu, yenye upepo, makofi na mtoto anayelia karibu na kinasa. Mtoto sikumfuta. Mjomba naye ameomba nakala, ila ameagiza ya kwake iwe na ile ya mwisho tu.